Tuliwatembeza watu kutoka Posta hadi Kariakoo, zaidi ya nusu wakatuacha njiani. Tulikosea wapi?

*"Mimi ni mwalimu wa historia na katibu wa kikundi cha wapenda majengo ya zamani hapa Dar es Salaam. Tuliandaa semina Jumamosi saa saba mchana, msanifu majengo akatuonyesha slaidi zaidi ya 80, kisha saa tisa tukaanza kutembea kutoka Old Boma, tukapita Posta, hadi Soko la Kariakoo. Tulikuwa na vituo 15. Tulianza watu 38, tukafika 14, na jua lilikuwa linazama. Waliokuwa nyuma walilalamika kwamba hawasikii kitu. Mlinzi wa jengo moja alitulazimisha kufuta picha, na mwenye duka mmoja alitufukuza kibarazani kwake. Wenzangu wanataka tununue kipaza sauti cha mkononi, tupunguze vituo, na tuanze kutoza kiingilio ili waje watu makini tu. Mimi nahofia tatizo ni kwamba sisi si wasanifu. Tuendelee? Na tukiendelea, tubadilishe nini?"*

Mwalimu, endeleeni. Watu 38 kuacha shughuli zao Jumamosi mchana kwa ajili ya kuta na madirisha si jambo dogo, na hao 14 waliovumilia jua hadi Kariakoo ndio mtaji wenu. Katika swali lako naona hofu mbili. Moja ni kwamba matembezi hayakupangwa vizuri, na hiyo ina ukweli. Nyingine ni kwamba hamna haki ya kuzungumzia majengo kwa kuwa hamkusomea usanifu. Hiyo tuimalize mapema.

Msanifu anaweza kukueleza kwa nini nguzo ipo pale ilipo na boriti imebeba nini. Kuongoza watu barabarani ni kazi nyingine, na mwalimu aliyezoea darasa la watoto 60 anaiweza kuliko wengi wetu. Mtaalamu mnamhitaji awasahihishie maelezo kabla ya siku yenyewe. Andikeni kurasa mbili za mtakayosema, mzipeleke kwa mhadhiri au mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa Chuo Kikuu Ardhi, au kwa mwanachama wa Chama cha Wasanifu Majengo Tanzania, mmwombe akate yasiyo kweli. Kazi ya saa moja mezani watu huikubali. Kusimama juani nusu siku bila malipo, ni wachache.

Sasa sauti, maana hapo ndipo mlipowapoteza wengi. Mahali pa wazi, pasipo kuta za kuirudisha, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi kila umbali unapoongezeka mara mbili. Mtu anayeongea kawaida humfikia aliye mita 1 mbele yake kwa kama desibeli 60. Aliye mita 2 anapata 54, aliye mita 4 anapata 48. Barabara yenye daladala na bodaboda hufika desibeli 70 bila shida. Watu 38 wakijipanga nusu duara wanakuwa safu tatu au nne, na wa mwisho yuko mita 6 au 7 kutoka kwako. Huyo hata ukipiga kelele anapata vipande vya sentensi tu, na mtu anayepata vipande kwa nusu saa huanza kuangalia simu, kisha huangalia njia ya kurudi kituoni.

Kipaza sauti cha mkononi hakitatui hilo. Vile vya bei nafuu huongeza ukubwa wa sauti huku vikiharibu konsonanti, na konsonanti ndizo zinazotufanya tutofautishe neno na neno. Kingine kibaya zaidi: mtaa mzima utajua mmekuja. Mbele ya wenye maduka na askari, kikundi chenye kipaza sauti ni mkutano wa hadhara, na mtaanza kujibu maswali ambayo kikundi kinachoongea taratibu hakiulizwi. Mkitaka kifaa, chukueni spika ndogo ya kuning'iniza kiunoni yenye maiki ya kichwani, ile wanayotumia walimu na baadhi ya wamachinga, mkaifungua kidogo tu.

Dawa yenyewe ni idadi ya watu na mahali pa kusimama. Kundi moja lisizidi watu 15. Wakija 30, gawanyeni makundi mawili yenye viongozi wawili, la pili lianze dakika 20 baada ya la kwanza. Kila kundi liwe na mtu wa mbele na mtu wa nyuma, na yule wa nyuma avae kizibao cha kung'aa. Wa mbele hasemi neno mpaka amwone wa nyuma amefika. Msizungumze mnapotembea, kwa sababu wanaosikia ni wawili tu walio pembeni yako, na wengine wataona wanabaguliwa. Mkisimama, tafuteni pembe ya ndani, mdomo wa uchochoro, ua, au chini ya baraza lenye matao, mgongo wako uelekee ukuta ili sauti irudi kwao. Jengo mnalolizungumzia liwe ng'ambo ya pili ya barabara. Watu hufanya kosa la kusimama chini ya jengo lenyewe, wakaishia kuona tumbo la roshani.

Na hiyo roshani ina hatari yake. Majengo mengi ya zege ya katikati ya mji yana nondo zilizowekwa karibu mno na uso wa zege. Hewa ya bahari ina chumvi, chumvi inapenya, nondo inapata kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo. Zege linasukumwa kutoka ndani, linapasuka kwa mistari inayofuata nondo, kisha vipande vinaanguka. Mkiona michirizi ya rangi ya kutu au nondo iliyojitokeza chini ya roshani, msisimame hapo hata kama pana kivuli kizuri.

Kuhusu umbali, hesabu inaeleza yote. Mlitembea kilometa 3 hivi. Kundi hutembea kama kilometa 3 kwa saa, kwa hiyo dakika 60. Vituo 15 kwa dakika 6 ni dakika 90. Kuvuka barabara na kusubiriana, kundi la watu 38 hupoteza dakika 4 kati ya kituo na kituo, mara 14, dakika 56. Jumla ni saa 3 na dakika 26, na ndiyo maana jua liliwazamia. Wenzako wako sahihi kwamba vituo vipungue, ila umbali upungue kwanza. Chukueni kilometa moja na nusu na vituo 7 vya dakika 8. Kutembea dakika 30, kusimama 56, kusubiriana 20 hivi. Mnamaliza kabla ya saa mbili kutimia, na mtu mzima mwenye magoti mabovu atafika mwisho.

Njia ninayoipendekeza kwa kuanzia: Old Boma, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Kanisa la Azania Front, Sanamu ya Askari, kisha mrudi kwa Mtaa wa India na mmalizie Mtaa wa Mosque. Mnaanza na kumaliza karibu mahali pamoja, jambo linalosaidia kwa vyoo na usafiri. Anzeni saa moja na nusu asubuhi. Si kwa sababu ya joto tu. Majengo ya ukingo wa bandari yanatazama kusini-mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi linayaangaza usoni. Saa tisa alasiri jua liko nyuma yake, nakshi zote zinakuwa kivuli, na picha zinatoka nyeusi. Kuanzia Juni hadi Agosti jua huwa upande wa kaskazini, kwa hiyo mwanga huo wa asubuhi hudumu muda mfupi zaidi, msichelewe. Epukeni masika ya Machi hadi Mei, na Novemba mjipange kwa vuli. Maji nusu lita kwa kila mtu yanatosha kwa muda huo.

Sasa tuje kwenye mtakachowaonyesha, maana naona vituo 15 vilijaa majina na miaka. Mtu aliyesimama barabarani hakumbuki miaka 15. Anakumbuka alichokigusa na swali alilojiuliza mwenyewe. Kwa hiyo kila kituo kiwe na kitu kimoja cha kuangalia, na historia ifuate baada ya macho.

Pale Old Boma, kitu hicho ni ukuta. Mji huu una tabia ya kuita kila jengo la zamani "la Mjerumani", lakini Old Boma ni la enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, limejengwa 1866 na 1867, wakati Wajerumani waliufanya mji huu makao makuu mwaka 1891. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Waelezeni jinsi ukuta wa namna hiyo unavyoishi. Tumbawe lina vitundu, hunyonya maji kutoka ardhini. Chokaa nayo ina vitundu, kwa hiyo maji hupanda kidogo kisha hukauka kupitia lipu na kutoka nje. Ukija ukapiga lipu ya saruji juu yake kwa nia njema ya kukarabati, umeziba njia ya kutokea. Maji yanapanda juu zaidi, mpaka kiunoni au kifuani, chumvi inaganda nyuma ya lipu, inavimba na kuibandua. Mafundi wanarudi na saruji nzito zaidi, na ugonjwa unaongezeka. Tafuteni mapema, kwenye mitaa ya nyuma, ukuta wa zamani uliopigwa lipu ya saruji, mwenyewe akiwaruhusu, kila mtu agonge kwa kifundo cha kidole kuanzia juu kushuka chini. Palipoachana na jiwe panalia debe tupu. Watu wazima wanashindana kugonga, nawaambieni, na wakifika nyumbani wanagonga kuta zao.

Mtakatifu Yosefu (1897 hadi 1902) na Azania Front ya miaka hiyo hiyo zitazameni pamoja, mkiwauliza watu kipi kati ya hivyo viwili kinajali jua na mvua ya pwani na kipi kimebeba tu umbo la Ulaya. Wataanza kuviangalia vipaa vidogo vya vigae vilivyo juu ya madirisha ya Azania Front bila kuambiwa. Kwenye Sanamu ya Askari, ya mwaka 1927, waacheni wasome maandishi wenyewe kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Msikae sana, pale kuna kelele nyingi mno.

Uhindini, yaani mitaa ya India na Mosque, ndipo penye utajiri kuliko wageni wanavyodhani. Inueni macho juu ya mabango ya maduka: majengo mengi yana mwaka na jina la familia chini kidogo ya ukingo wa paa. Duka chini, makazi juu, roshani katikati. Ya miaka ya 1930 na 1940 yana kona za mviringo na mistari ya mlalo. Ya 1950 na 1960 yana mbavu za zege na matofali ya matundu. Hapo ulizeni: kwa nini mbavu zimesimama wima upande huu, na upande ule zimelala? Jibu liko angani. Mashariki na magharibi jua huwa chini, linapiga dirisha kutoka mbele, kwa hiyo linazuiwa na ubao wa wima. Kaskazini na kusini jua huwa juu, ukingo wa kulala unatosha. Baada ya kuelewa hilo, mtu huona mara moja minara mipya ya vioo imekosa nini, na hakuna haja ya ninyi kuilaumu.

Jambo moja mjihadhari nalo. Msiwaambie watu kwamba jengo fulani "haliwezi kubomolewa kwa kuwa ni la kale". Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Dar es Salaam ilianza kupangwa na Sultani Majid katika miaka hiyo hiyo ya 1860, kwa hiyo karibu kila jengo mnalolipita halilindwi kwa umri wake. Linalindwa pale tu linapotangazwa rasmi katika Gazeti la Serikali. Kabla ya kudai kwamba jengo limehifadhiwa, ulizeni Idara ya Mambo ya Kale.

Kariakoo ifanyeni siku nyingine, Jumapili asubuhi kabla mitaa haijajaa. Inastahili saa mbili zake peke yake: nyumba za Kiswahili zilizobaki, zenye baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma, maghorofa yaliyozirithi, mara nyingi kwa ubia wa mwenye kiwanja na mjenzi, na Soko lenyewe la miaka ya 1970, kazi ya Beda Amuli, lenye paa la zege la umbo la miavuli linalokusanya mvua na kuiteremsha chini. Soko hilo liliungua Julai 2021, na watu watauliza, kwa hiyo jiandaeni. Mkipita Mnazi Mmoja, semeni wazi kwa nini pana uwazi: serikali ya kikoloni ilitaka nafasi tupu kati ya Uhindini na makazi ya Waafrika.

Semina ihamisheni iwe baada ya matembezi. Slaidi 80 kwa watu ambao bado hawajaona ukuta ni mzigo, na projekta saa saba mchana kwenye ukumbi wenye madirisha wazi haionekani. Tembeeni kwanza, mnywe chai na vitumbua, halafu saa nne msanifu apewe dakika 25 na picha 20. Mwombeni picha za jozi, ya zamani na ya sasa, zilizopigwa kutoka mahali pamoja. Nyaraka za Taifa zina hazina, na mkusanyiko wa picha za enzi za Kijerumani uliohifadhiwa Frankfurt unaonekana bure mtandaoni. Wakati huo watu watakuwa na maswali, kwa sababu vidole vyao bado vina vumbi la chokaa.

Mwenye duka aliyewafukuza alikuwa na haki. Kibaraza ni mlango wake wa riziki. Pitieni wiki moja kabla, mjitambulishe, mnunue hata soda, mwulize kama mnaweza kusimama ng'ambo. Mara nyingi atajitolea kusema jengo lilijengwa na nani. Mpeni dakika mbili azungumze, na mumshukuru mbele ya watu. Msielekeze kamera kwenye madirisha ya makazi ya juu.

Upande wa mamlaka, pelekeni barua kwa watendaji wa kata mnazopita, maana katikati ya mji kata ni ndogo ndogo na Kivukoni, Kisutu na Mchafukoge zimebanana. Nakala iende kituo cha polisi. Kwa mikusanyiko ya hadhara sheria inataka taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla. Kama kundi la watu 15 linaingia humo au la, mwacheni mkuu wa polisi wa wilaya (OCD) aamue akiwa na barua yenu mkononi. Kuhusu picha: Ikulu, kambi, vituo vya polisi na maeneo ya bandari yenye ulinzi, simu zikae mfukoni, na mliseme hilo mwanzoni kabisa. Mlinzi akikataza, hameni kituo. Kama mlikuwa na haki au la, ni swali la kumpelekea mwanasheria, si la kubishania njiani mbele ya wageni wenu.

Kiingilio hakitawaletea watu makini, kitawaletea wenye nafasi. Andikisheni majina kabla, mfunge orodha ikifika 30, mchangishane ya maji na chai. Mkitaka kuwatoza watalii, hapo mmeingia kwenye biashara iliyo chini ya Sheria ya Utalii ya 2008 na inayotaka leseni, kwa hiyo mwone ofisa wa utalii kwanza.

Kuna mawili ya kutafutia mtaalamu aje kwa miguu yake. Mkitaka kuwaingiza watu ndani ya jengo la zamani, hasa ghorofa ya juu yenye sakafu ya boriti za mbao, mhandisi alikague kwanza na aseme wapande wangapi kwa mara moja. Na kama mna wazee au wagonjwa wa moyo kwenye orodha, awepo mtu mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza.

Wiki moja kabla, tembeeni watatu njia nzima siku na saa ile ile mliyoipanga. Kwenye kila kituo mmoja aongee, mwingine asimame mita 4 nyuma akirekodi kwa simu, wa tatu apime muda. Jioni sikilizeni. Pale ambapo maneno hayaeleweki kwenye simu, kituo hicho kihamisheni, hata kama ndicho mlichokipenda kuliko vyote.